Jinsi ya kuandaa somo la Biblia kuhusu Sheera, mwanamke aliyejenga miji

Mkifika kwenye yale majina ya 1 Mambo ya Nyakati watu wengi wanaruka, na hapo ndo wanampita Sheera. Ana mstari mmoja tu, 7:24, lakini unasema alijenga Beth-horoni ya chini, Beth-horoni ya juu na Uzen-sheera. Miji mitatu jamani! Mimi kwenye jumuiya nalifundisha hivi.

Hatua ya 1. Usimchomoe peke yake, anzeni mstari wa 20. Ezeri na Eleadi, watoto wa Efraimu mwana wa Yusufu, walishuka kuchukua ng'ombe za watu wa Gathi wakauawa, baba yao akaomboleza siku nyingi mpaka ndugu wakaja kumpa pole, alafu akazaliwa Beria, na hapohapo ndo anatajwa Sheera, kwenye nyumba yenye msiba. Wapo wanaomhesabu binti wa Efraimu na wapo wanaosema ni wa Beria, ubishi huo usile kipindi chote maana miji ni ileile.

Hatua ya 2. Chora ukoo ubaoni hadi mstari wa 27. Utamkuta Nuni na mwanawe Yoshua. Ndiyo, Yoshua huyuhuyu aliyewaingiza Waisraeli Kanaani baada ya Musa, mzungushie duara.

Hatua ya 3. Hapa kaeni sana. Tafuteni "Beth-horoni" kwenye itifaki (kitabu kinachoonyesha neno fulani liko mistari gani ya Biblia) au Biblia ya simu, mfuate kila inapotokea. Yoshua 10 wafalme wa Waamori wanakimbizwa kutoka Gibeoni, wanateremka Beth-horoni, mawe kutoka mbinguni yanaua wengi kuliko upanga, yaani Yoshua anafukuza maadui kwenye njia ya mji ambao orodha ya ukoo wake inasema umejengwa na binti wao! 1 Samweli 13 wavamizi wa Kifilisti wanashika njia hiyo, na 2 Nyakati 8:5 Sulemani anaijenga miji yote miwili kwa kuta, malango na makomeo. Sababu ni barabara, inapanda kutoka tambarare za pwani kwenda milima ya Yerusalemu, aliyeshika Beth-horoni ameshika mlango. Hata mwaka 66 BK jeshi la Kirumi la gavana Cestius Gallus lilipigwa vibaya na Wayahudi walioasi palepale. Wafungulie ramani kwenye simu, leo ni vijiji vya Beit Ur al-Fauqa juu na Beit Ur al-Tahta chini, Ukingo wa Magharibi.

Hatua ya 4. Zuia stori za kubuni. Mume, watoto, umri, hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo daftarini tenganisheni "imeandikwa" na "tunawaza". Kilichoandikwa kinatosha kabisa, wanawake wengine wa sura hii wengi wanatajwa kama mke au dada wa fulani, yeye anatajwa kwa kazi yake, na mji mmoja umebeba jina lake.

Hatua ya 5. Uliza: tukiufuta mstari wa 24, nyumba ya Efraimu inabaki na habari gani? Wape muda wa kutosha, wasikimbilie jibu.

Kipindi kijacho endeleeni na Sera binti Asheri, yupo mstari wa 30, tena Mwanzo 46:17 na Hesabu 26:46.