Rimu pana: piga hesabu ya milimita kwanza

Ukitaka kulivalisha gari la spoti rimu pana, usianze na picha. Anza na namba zilizogongwa nyuma ya rimu ulizonazo. Tuseme unatoka 8J ET45 kwenda 9J ET35: namba ya J ni upana wa rimu kwa inchi, na ET ni ofseti, yaani milimita kati ya mstari wa katikati ya rimu na sehemu inapofungwa kwenye habu. Upana umeongezeka inchi 1, yaani milimita 25.4, na nusu yake, 12.7, huenda kila upande. Ofseti nayo imeshuka kwa 10, kwa hiyo rimu nzima inasogea nje milimita 10. Ukingo wa nje utakaribia madigadi kwa 22.7, wa ndani utaisogelea shokamzoba kwa 2.7 tu. Wengi huangalia ET peke yake wakasahau ile nusu ya upana, halafu wanashangaa tairi likikwangua wakikata kona na abiria nyuma.

Kwenye tairi, 245/40R18 (upana milimita 245, kimo asilimia 40 ya upana huo, rimu ya inchi 18) hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 8 hadi 9.5. Mtindo wa kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana siupendi hata kidogo: ukingo wa rimu unabaki wazi, kila jiwe linaugonga.

Kalipa ya breki, ile inayobana diski nyuma ya spoki za rimu, ni habari nyingine, maana ET haisemi lolote kuhusu umbo la spoki. Bandika kibonge cha udongo wa kufinyangia juu ya kalipa, funga rimu, izungushe taratibu kwa mkono, kisha ifungue upime unene wa udongo uliobaki. Milimita 3 ndiyo mwisho wangu wa chini.