Mpime bibi kwanza, si wewe

Ukifuatilia ukoo kwa DNA na una uwezo wa kulipia kipimo kimoja tu, mpime mzee kuliko wote aliye hai: bibi, babu, hata dada yake bibi. Kila mzazi humrithisha mtoto nusu tu ya DNA yake, kwa hiyo wewe umebaki na takriban asilimia 25 ya bibi yako, ilhali yeye anayo yote. Ndugu wa mbali walioko Oman au Marekani, ambao kwako pengine wasionekane kabisa, kwake huenda wakajitokeza kwenye majibu, iwapo nao wamepimwa. Chagua kipimo cha kusugua ndani ya shavu, kama cha kampuni za MyHeritage au FamilyTreeDNA, badala ya kile cha kutemea mate, maana wazee wengi hukaukwa mate na kujaza kichupa huwatesa. Mwombe ruhusa, umweleze wazi kwamba majibu yanaweza kufichua siri ya uzazi. Akikataa, muache.

Mbinu hii huyumba pale mabinamu wameoana kizazi baada ya kizazi, jambo la kawaida kwetu pwani: ndugu wa mbali huonekana wa karibu. Hapo usitegemee makadirio ya undugu yanayotolewa na tovuti ya kampuni iliyopima, linganisha na vyeti vya ndoa na majina ya mababu anayoyakumbuka mzee mwenyewe.