Kupima joto mahususi la chuma kwa bolti na maji

Bolti ya chuma ya gramu 200 yenye nyuzi 100 za Selsiasi ikitumbukizwa kwenye gramu 150 za maji ya nyuzi 25, wengi hudhani vitakutana katikati, karibu nyuzi 62. Vinakutana kwenye 34. Gramu 1 ya maji huhitaji juli 4.2 (juli ni kizio cha nishati) ili ipande nyuzi 1, lakini gramu 1 ya chuma huhitaji juli 0.45 tu. Kiasi hicho ndicho joto mahususi. Ukizidisha kwa uzito, maji yote yanadai juli 630 kwa kila nyuzi, bolti juli 90. Ni mara saba, kwa hiyo maji yakipanda nyuzi 1, chuma kinashuka nyuzi 7.

Kulipima mwenyewe, tafuta mizani, uzi, sufuria, kipimajoto kinachofika nyuzi 110 (cha homa hakifai, huishia karibu 42) na vikombe viwili vyepesi vya plastiki. Pachika kimoja ndani ya kingine ili hewa iliyo kati yao izuie joto kutoroka, kisha kata kifuniko cha boksi chenye tundu la kipimajoto.

Pima bolti, ifunge uzi, ichemshe dakika 10 bila kugusa kitako cha sufuria. Pima halijoto ya maji yanayochemka. Usiandike 100 kwa mazoea. Dar es Salaam utapata karibu 100, lakini Nairobi, iliyo juu sana kutoka usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94. Weka mililita 150 za maji ya baridi kikombeni, usome halijoto yake. Inua bolti, ikung'ute mara moja, itumbukize upesi, funika, koroga taratibu, na uandike kiwango cha juu kabisa ambacho kipimajoto kinafikia.

Tuseme maji yalitoka 25 hadi 34, na bolti ilishuka kutoka 98 hadi 34. Maji yamepokea 150 × 4.2 × 9 = juli 5,670. Gawanya kwa gramu 200, kisha kwa nyuzi 64: unapata 0.44. Hayo ni majibu mazuri.

Ukipata 0.50 au zaidi, shuku matone kwanza. Gramu 2 tu za maji ya moto yaliyong'ang'ania bolti na uzi huingiza karibu juli 540, takriban sehemu moja ya kumi ya joto lote, na hesabu yako inalihesabu kuwa la chuma. Ukipata 0.40 au chini, huenda bolti ilipoa hewani au kikombe kilivujisha joto. Dawa ya kikombe ni kuanza na maji yaliyo nyuzi 4 au 5 chini ya halijoto ya chumba: mwanzoni yanapokea joto kutoka nje, mwishoni yanalipoteza, na makosa hayo mawili karibu yanafutana.

Kisha badilisha maji kwa gramu 150 za mafuta ya kupikia ya nyuzi 25, ambayo joto mahususi lake ni karibu juli 2. Bolti ileile ya nyuzi 100 itayafikisha karibu 42.