Mambo ya kuzingatia kabla hujaiingiza kazini Hilux ya zamani

Hilux ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli ya 2L au 3L bado ni gari la kazi, na spea zake zipo hadi wilayani. Kinachowafilisi wengi ni kuanza na rangi na rimu wakati hawajui mkanda wa taiming, ule unaoendesha valvu, ulifungwa lini.

Huo mkanda ndio wa kwanza. Unabadilishwa kila kilomita 100,000, ila kwa gari la mkononi usiamini dashibodi. Kama huna uhakika, badilisha sasa, pamoja na beringi ya kukazia na sili za oili zilizo nyuma ya kava, maana oili ikivujia mkanda unaoza mapema. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu.

Oili na filta yake kila kilomita 5,000. Siku hiyohiyo piga grisi nipo (vichuchu vya grisi) zote za propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma.

Dizeli nunua kituo unachokiamini. Pampu ya injini hizi inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, au yenye maji, inaiharibu ndani kwa ndani. Chini ya filta ya dizeli kuna koki: ilegeze, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu, mwaga mpaka itoke dizeli tupu, kisha funga.

Sasa maji ya rejeta, na hapa usiwe na haraka. Kwanza, usikubali fundi ang'oe themostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto, eti gari lipoe. Themostati zenye sahani ya pili kwa chini huziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiing'oa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani ndipo gari linachemsha.

Angalia inavyokuwa. Pikapu imezidishiwa mzigo, inapanda mlima Kitonga, Iringa, kwa gia ya pili. Mpira wa juu wa rejeta, uliokwisha kulegea karibu na klipu, unapasuka. Mshale wa joto uliokuwa unapanda unashuka ghafla, na dereva anaona gari limepoa, anakanyaga mafuta. Kumbe kile kipimo kinasoma maji, na maji hayapo tena. Dakika chache baadaye nguvu zinaisha. Anasimama, anachukua dumu la maji baridi na kuyamimina yote kwenye injini inayounguza. Hedi, yaani kichwa cha injini, inapasuka kati ya valvu, na safari inaishia kwenye kamba ya kuvutwa.

Kwa hiyo mshale ukishuka ghafla mlimani, egesha, zima, usiguse mfuniko wa rejeta. Subiri mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu, ziba panapovuja, ndipo uongeze maji kidogo kidogo.

Kabla ya safari minya mipira yote. Iliyovimba, iliyopasukapasuka au laini kama sponji itoke. Mfuniko wa rejeta uwe na namba ya presha ileile iliyoandikwa kwenye ule wa asili. Injini ikiwa imezimwa na bado ya moto, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe raundi nyingi, mafuta ya silikoni ya klachi yake yamekwisha. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa gari mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu kukaza mara tu baada ya kufunga mfuniko, maana yake gesi inapenya kutoka kwenye silinda.

Ikibidi kufungua hedi, ipelekwe kupimwa kwa presha ya hewa kabla ya kukwanguliwa (kusawazishwa uso wake), maana kukwangua hedi yenye ufa ni hela iliyotupwa. Gasketi zake zina unene tofauti; fundi asome alama kwenye ile ya zamani. Bolti zikazwe kwa awamu kuanzia katikati, kwa spana ya kipimo.

Breki, tairodi na boljointi usizitafutie bei ya chini. Springi usiziongezee majani ili ubebe zaidi, kwa sababu chesisi na breki zimebaki zilezile. Dukani nenda na spea ya zamani mkononi, uilinganishe kabla hujalipa. Kila kinachofungwa kiandike na kilomita zake kwenye daftari linalokaa garini. Na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kukaza nati moja.