Somo: Kujaza upya katriji ya 12A bila kuchafua printa

Somo hili ni la HP 12A (Q2612A), ile ya LaserJet 1010, 1018 na 1020. Canon 303 ya LBP2900 ni pacha wake, kazi ni ileile. Nimeichagua kwa sababu steshenari zetu zimejaa printa hizi, haina chipu ya kuhesabu kurasa, na inafunguka yote kwa bisibisi na koleo.

Kuna mafundi hutoboa tundu kwa chuma cha moto, wakamimina unga wa wino (toner) na kuziba kwa selotepu. Kurasa za mwanzo zinatoka na maandishi meusi tii, kisha michirizi inaanza na mteja anaambiwa unga ni feki. Unga hauna kosa. Katriji ina vyumba viwili: kimoja cha unga mpya, kingine cha uchafu, yaani unga uliobaki kwenye dramu (rola inayobeba picha ya ukurasa) ukakwanguliwa na wembe wa mpira. Chumba hicho cha pili hakikutengenezwa kupokea uchafu wa mizunguko mingi. HP wanaikadiria 12A kurasa 2,000 hivi. Ukijaza tena na tena bila kumwaga uchafu, lazima ufurike.

Andaa bisibisi ndogo ya nyota, koleo ya mdomo mwembamba, brashi laini, kitambaa kisichotoa nyuzi, barakoa, glavu, magazeti na unga ulioandikwa 12A, takriban gramu 100. Zima feni. Unga huu ni plastiki iliyosagwa laini mno, si wa kuvuta puani. Na usiufyonze kwa mashine ya kufagilia ya nyumbani: unapenya chujio, na cheche ya mota inaweza kuuwasha.

1. Toa pini mbili za chuma zinazoshika nusu mbili za katriji, moja kila upande. Piga picha springi ilivyokaa kabla hujaigusa. Utanishukuru wakati wa kufunga.

2. Fungua skrubu za ubavuni, uchomoe dramu, ile rola ndefu inayong'aa. Ishike kwenye ncha tu na uifunge kwa kitambaa cheusi papo hapo, maana mwanga unaiharibu. Usiipanguse kwa spiriti.

3. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Bandua rola nyembamba ya mpira mweusi, fungua skrubu mbili za wembe, kisha kung'uta uchafu wote ndani ya mfuko. Brashi ifike pembeni kabisa. Kagua ukingo wa wembe. Ukiwa umechanika, kila ukurasa utakuwa na mstari. Rola ya mpira ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikauke. Uchafu usiurudishe kamwe hata kama unaonekana mzuri: una vumbi la karatasi, na haushiki chaji ya umeme sawasawa.

4. Nusu ya pili, yenye chumba cha unga mpya, fungua kifuniko cha upande usio na gia. Utakuta kizibo. Mwaga mabaki ya unga wa zamani, tikisa chupa mpya, mimina taratibu, ziba.

5. Paka unga kidogo kwenye dramu na wembe ili visikwaruzane vikiwa vikavu. Funga kinyume cha ulivyofungua, zungusha gia kwa mkono, kisha chapa kurasa chache za majaribio.

Doa likijirudia kila sentimita 7.5 au karibu na hapo, mkosaji ni dramu. Likijirudia kila 3.8, ni ile rola ya mpira.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nina printa ya HP P1102 yenye katriji ya 85A. Nikijaza, kompyuta inasema wino umeisha.
– Hiyo ina chipu inayohesabu, haijui kwamba umejaza. Kwa kawaida itaendelea kuchapa, puuza tu. Ukikereka, nunua chipu mpya ubandike.

Unga wa mashine ya fotokopi ni wa bei nafuu. Naweza kuutumia?
– Hapana, ndugu. Unga wa mashine nyingine huyeyuka kwenye joto tofauti na chaji yake ni tofauti. Utapata karatasi zenye ukungu wa kijivu, au maandishi yanayofutika kwa kidole.

Nimemwagikiwa kwenye shati jeupe, nimelitia maji ya moto, limeharibika zaidi!
– Pole sana dada. Joto linaugandisha unga kwenye uzi. Siku nyingine kung'uta kwanza, kisha maji baridi. Pasi isiguse mpaka doa liishe.

Dramu moja inajazwa mara ngapi?
– Inategemea karatasi na vumbi la ofisi yako. Iangalie: ikianza mikwaruzo au kupauka pembeni, badilisha. Dramu mpya huuzwa peke yake.

Ule uchafu nautupa wapi? Jirani anachoma takataka nyuma ya duka.
– Usichome, mkuu. Unga laini hulipuka moto ukipeperuka, na moshi wake ni wa plastiki. Funga mifuko miwili. Kwa walio Nairobi, WEEE Centre hupokea taka za kielektroniki. Ulizeni kwanza kama wanachukua katriji.

Na katriji iliyokufa kabisa?
– Usiitupe kabla hujaivua gia, springi, pini na vifuniko. Hizo ndizo spea zangu, maana springi ya 12A ikiruka chini ya meza huioni tena.