Namna ya kuhesabu saa za safari ya Nairobi hadi New York

Tiketi ya Mama iliandikwa Jumanne, 00:40. Nikamwambia, "Unaondoka Jumanne usiku." Tukafika uwanjani Jumanne jioni, halua na kahawa zimo sandukuni, tukaambiwa ndege ilishaondoka usiku uliopita. Alilia pale pale penye foleni. Tangu hapo, mtu wa nyumbani akisafiri, tiketi naisoma mimi.

Anza na tarehe. Siku ya tiketi inaanza saa sita kamili ya usiku, kwa hiyo 00:40 ya Jumanne ni usiku wa kuamkia Jumanne. Jumatatu ukishakula chakula cha jioni, ondoka. Wazee wetu wa pwani wasingekosea hapa: bibi yangu akitaja usiku wa Ijumaa, alikusudia Alhamisi jua likishatua, ule usiku wa kusoma Yasini.

Umbali usiupime kwenye ramani ya ukutani, itakupoteza. Chukua tufe la shule la mtoto, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York mpaka ukaze, kisha uulaze uzi huo juu ya ikweta na uhesabu digrii. Kila digrii pale ni kilomita 111 hivi. Mimi nilipata digrii 106 na kitu, yaani kama kilomita 11,800. Utaona uzi unakata Sahara kwenda kaskazini-magharibi, ndipo uingie Atlantiki. Ndege kubwa hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, basi gawanya: saa 13. Ongeza muda wa kupanda na kushuka, halafu upepo. Ule wa juu kabisa huvuma kutoka magharibi, ndiyo maana ndege ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Sasa saa za tiketi. Kila mji umeandikiwa saa yake. Tuseme Januari unaondoka Ijumaa 23:59 na kufika Jumamosi 06:59. Ukitoa tu, utapata saa saba, na hilo haliwezekani. New York wakati huo iko nyuma yetu kwa saa nane: 06:59 yao ni 14:59 yetu. Hesabu tena, zinatimia 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti ni saa saba, maana Marekani husogeza saa zao mbele.

Mama alipokwenda tena, Januari, nilimwomba asiiguse saa yake ya mkononi hadi daktari ampangie upya dawa ya presha. Mchana wa siku aliyofika, dada yangu akimpakulia chakula, saa ile ilionyesha saa mbili za usiku za nyumbani. Akaomba maji, akameza kidonge chake.