Kabla Upepo Haujaezua Mabati: Mambo ya Kuzingatia kwa Wahandisi na Mafundi wa Mwanza

Bibi mmoja wa Igogo, hapa Mwanza, aliwahi kutuuliza swali lililotunyamazisha wote. Usiku uliotangulia, upepo wa ziwani ulikuwa umeezua nusu ya paa lake. Asubuhi tukafika wahandisi na mafundi kumi na mmoja, viatu vya kazi miguuni, kofia ngumu vichwani, ngazi moja. Mwenzetu aliyeingia kwa mlango wa mbele akamwambia nyumba haina neno, alale tu. Aliyepitia uani akauona ukuta wa nyuma, akamwambia asitie hata mguu ndani. Bibi akatutazama mmoja mmoja. "Sasa wajukuu zangu, nimsikilize nani?"

Tangu siku hiyo naamini kwamba msaada wa chama cha wahandisi baada ya dhoruba huamuliwa miezi miwili kabla, watu wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakibishana ngazi ikae kwa nani. Msimu ukishaanza, mnachofanya ni kutekeleza mlichokubaliana, au kuaibika kama tulivyoaibika sisi.

Kwanza tujue adui ni yupi. Vimbunga vya baharini havitufikii. Vinahitaji msokoto unaotokana na kuzunguka kwa dunia, na karibu na ikweta msokoto huo ni hafifu mno. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliishia Mafia na pwani ya kusini, kikakata barabara ya Lindi pale Somanga. Sisi tuna dhoruba yetu. Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba karibu 68,800, hubaki na joto usiku wakati nchi kavu imeshapoa. Hewa baridi huteremka kutoka Kagera, Mara na nchi kavu nyingine inayolizunguka ziwa, hukutana juu ya maji, hupanda, na wingu la radi linajengeka watu wamelala. Ndiyo maana mvuvi anaijua dhoruba ya saa nane usiku kuliko ya saa nane mchana. Kimbunga cha Karibi hufuatiliwa kwa siku kadhaa kabla hakijafika. Upepo unaoshuka ghafla kutoka kwenye wingu la radi haukupi muda huo, na mara nyingi unamaliza kazi yake kabla hujapata viatu. Kwa hiyo ushauri wa kupigilia mbao madirishani siku mbili kabla tuwaachie wenyewe. Kwetu kila kitu kiwe tayari kabla ya vuli ya Oktoba, kisha kikaguliwe tena kabla ya masika ya Machi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa: njano, chungwa, nyekundu. Taarifa hizi zikiingia kwenye kundi la simu, wengi wetu huweka alama ya dole gumba na kuendelea na mpira. Kubalianeni mapema kila rangi inamwamsha nani. Sisi njano ina maana simu zote zichajiwe na ngazi zihesabiwe. Chungwa, hakuna anayesafiri nje ya mji bila kumwachia mtu mwingine zamu yake. Nyekundu haihitaji maelezo.

Sasa mabati, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wengi wanapoumia na ndipo kazi ya mapema inapolipa. Upepo hausukumi paa tu. Ukipita juu ya nyumba kwa kasi huwa unalinyonya kwenda juu, na ukipata mwanya wa dirisha au baraza hulisukuma pia kutoka chini. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Pembeni, kwenye pembe na kileleni ndiko mnyonyo ulipo mkali zaidi, kwa hiyo bati la kwanza kung'oka karibu kila mara ni la pembeni. Likishaondoka hilo, upepo umeingia ndani na yaliyobaki yanafuata kama karata.

Unapokagua, anza na misumari ya ukingoni: iko mingi kuliko ya katikati, au fundi aliigawa sawasawa ili kubana matumizi? Kisha ingia darini utazame papi, mbao zinazopigiliwa bati, zimeshikana vipi na kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na kenchi zimeshikana vipi na ukuta. Nyumba nyingi nilizopanda, kenchi imelazwa juu ya ubao wa ukutani na kugongwa misumari miwili ya kuaminiana. Kinachotakiwa ni waya mzito au kipande cha nondo kilichoachwa kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, wakati wa kumwaga zege, kikazungushwa juu ya kenchi na kukazwa. Kama linta imeshakauka bila hicho kitu, unaweza kutoboa ukuta kozi (safu za tofali) tatu au nne chini ya kenchi, ukapitisha waya na kuufunga. Si kazi nzuri kuitazama, lakini inashika. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30 na linavumilia zaidi kuchanika kwenye msumari. Hata hivyo geji 30 iliyofungwa vizuri naiamini kuliko geji 28 iliyogongwa kiholela.

Halafu yale mawe juu ya paa. Najua yametusaidia miaka mingi, nyumbani kwetu yalikuwepo. Upepo mdogo jiwe linazuia bati lisipige kelele. Upepo mkubwa jiwe lenyewe linateremka na bati, na jirani yuko chini. Yatoeni, lakini msiyatoe kabla ya kufunga kilichokuwa kinashikwa nayo.

Ukaguzi huu uanze na shule ya msingi na zahanati ya kata, kwa sababu watu wakiezuliwa nyumba huko ndiko wanakokimbilia. Madarasa yetu yana baraza refu upande mmoja, na baraza ni mdomo uliofunguliwa kwa upepo. Paa likitoka pale usiku ule ule mliowapeleka watu, mmewahamisha kutoka kwenye hatari moja kwenda nyingine.

Kuta nazo zina habari yake. Machi 2015 mvua ya mawe ilipiga Mwakata, wilayani Kahama, usiku, na nyumba za udongo zikawaangukia watu waliolala. Waliokufa walizidi thelathini. Udongo na tofali mbichi likishalowa chini halina tena nguvu ya kubeba kilicho juu. Nyumba za aina hiyo ziandikwe kwenye daftari la mtaa kabla ya msimu, na mwenye nyumba aambiwe kwa heshima ni kwa jirani gani atalala mvua ikizidi. Jambo hili linahitaji mazungumzo mawili, pengine matatu, na jirani naye akubali.

Mwanza ina jambo ambalo miji mingine haina: tunaishi chini ya mawe. Mabatini, Igogo, Isamilo, kote huko kuna majabali yaliyotulia juu ya udongo, na udongo huo maji yanauchukua kidogo kidogo kila masika. Kiangazi pandeni na mkebe wa rangi. Pigeni mstari mmoja unaoanzia kwenye jabali na kuendelea kwenye mwamba lilioukalia, andikeni tarehe, pigeni picha. Baada ya mvua rudini. Mstari ukiwa umekatika au umepishana, jabali limesogea, na nyumba zilizo chini yake zinahama siku hiyo hiyo. Kwenye ufa wa ukuta fanyeni vivyo hivyo kwa kiraka chembamba cha plasta: kikipasuka, ufa unatembea. Rangi ya mkebe mmoja inatosha mtaa mzima. Sijui tulikuwa tunasubiri nini miaka yote hiyo.

Turudi kwa swali la bibi. Tulichoamua ni kwamba nyumba inakaguliwa na watu wawili, mhandisi na fundi, wanazunguka nje yote kabla ya kuingia, na hawamwambii mwenye nyumba neno mpaka wakubaliane. Wasipokubaliana, jibu ni lile la yule mwenye hofu zaidi. Kisha karatasi moja inabandikwa mlangoni. Utaratibu wa karatasi za rangi tatu ulitokea California mwaka 1989 kwa ajili ya matetemeko, nasi tumeupunguza uwe wa Kiswahili cha mtaani: kijani, ingia; njano, chukua vitu vyako mchana utoke; nyekundu, usiingie. Chini yake tarehe, saa na majina ya waliokagua. Vifaa ni timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima), pima maji, tochi na tepu. Ukuta wa tofali la inchi sita ukionyesha kwenye timazi kwamba kichwa chake kimetoka inchi mbili, mimi binafsi sifanyi hesabu, natoa nyekundu.

Lakini karatasi yetu ni ushauri. Mamlaka ya kumhamisha mtu au kubomoa ni ya serikali, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia juu hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Andikeni barua mapema kwa mkurugenzi wa halmashauri na mtendaji wa kata, mjitambulishe, mseme mnaweza nini na hamwezi nini. Mwenyekiti wa mtaa awe na nakala. Mkifika siku ya tukio bila barua, mgambo atawauliza ninyi ni nani, na atakuwa na haki.

Umeme, kwa ufupi: fundi umeme ndiye anayeingia kwanza, wengine wote nyuma yake. Waya uliolala chini ni waya wenye umeme mpaka TANESCO waseme hauna. Hofu yangu kubwa zaidi ni jenereta. Mtu akiichomeka kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya kubadilishia, umeme wake unarudi kwenye nguzo, unafika kwenye transfoma, na transfoma inafanya kinyume cha kazi yake: volti mia mbili na thelathini zinapandishwa kuwa kilovolti 11 au 33 kwenye laini ambayo mkarabati ameambiwa imezimwa. Kabla ya msimu tembeleeni wenye jenereta mtaani, mara nyingi ni wenye baa, maduka ya samaki na saluni. Mkishamaliza swichi, waulizeni pia jenereta hukaa wapi ikiwaka, maana moshi wake ndani ya chumba huua kimyakimya.

Maji yanafuata umeme. Mitambo ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ya Capripoint na Butimba inavuta kutoka ziwani na kusukuma juu vilimani kwa pampu. Pampu zikisimama, walio juu wanakauka kwanza, na watu wanashuka na ndoo hadi Mto Mirongo, ambao mvua ikinyesha umebeba kila kitu cha mji. Kipindupindu hakingoji barua. Dawa ya kutibu maji inunuliwe kabla, igawiwe pamoja na maelezo ya kipimo, na matangi ya shule yajazwe siku ya rangi ya chungwa.

Msitegemee simu. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilinyamaza, na umeme ulichukua karibu miezi kumi na moja kurudi kwa kila mtu. Dhoruba yetu ni ndogo, lakini mnara mmoja wa kilimani ukizimika unatosha kututenga. Orodha ya watu iwe ya karatasi, iliyofungwa kwenye nailoni, na kuwe na mahali ambapo kila mmoja anajua kufika kwa miguu asubuhi bila kuitwa. Namba 114 ya zimamoto iandikwe juu kabisa.

Na hiyo orodha iwe na nani? Hapa ndipo chama chetu kilipogombana, na wapo waliotaka wenye usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi tu. Kuna wenzangu hawaitiki mpaka waitwe "Inj.", yaani Injinia. Novemba 6, 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na makasia yao. Orodha yetu leo ina fundi kenchi wanne, wachomeleaji wawili, wenye mitumbwi ya Kirumba, vijana wa bodaboda, na mama ntilie mmoja ambaye bila yeye timu ingekata tamaa saa sita mchana. Wahandisi wenye mihuri tuko saba.

Fedha zikichangwa, zinunue turubai, kamba, misumari na waya kabla, wakati bei haijapanda. Risiti zikae kwa mtu asiye mwenyekiti. Mabati ya msaada yana tabia ya kupungua njiani, na dawa yake ni kuyahesabu mbele ya waliokuja kuyapokea.

Ngazi sasa ziko tatu. Moja iko kwa fundi kenchi wa Mabatini, moja ofisi ya mtaa, ambako ufunguo unashikwa na watu wawili. Ya tatu imelazwa ukutani kwa bibi wa Igogo, chini ya paa ambalo kenchi zake zimefungwa waya. Msimu wa maembe anaiazimisha kwa wajukuu wa jirani, na anaandika kwenye daftari nani kaichukua saa ngapi.